Miche Yetu Haikufa kwa Uvivu wa Mtu

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu ili niseme machache juu ya jambo ambalo tumelizungumza sana mabwenini na katika chumba cha kulia, walakini hakuna aliyelisema mbele ya watu. Jambo lenyewe ni kufa kwa miche ya nyanya na kabichi katika kitalu cha shule. Wakati huo mimi nilikuwa kiranja wa bustani. Kwa hiyo nina haki ya kusema, na pia nina deni la kulipa.

Wanaokumbuka watajua ya kuwa mwanzo wa muhula uliopita kitalu kilikuwa uwandani, karibu na tangi la maji. Jua lilikuwa kali, na kila siku alasiri wanafunzi wa Kidato cha Kwanza walilazimika kubeba ndoo. Mimi nikaona nimepata akili. Niliamuru matuta mapya yachimbwe chini ya ile miembe miwili iliyo nyuma ya jiko, penye kivuli kizito, ili udongo usikauke upesi na kazi ya maji ipungue. Na kwa kuwa mahali pale ni padogo, niliongeza amri nyingine: mbegu zimwagwe kwa wingi katika kila mstari, tupate miche mingi katika nafasi ndogo.

Mbegu ziliota vizuri. Siku kumi za kwanza nilipita pale nimetunisha kifua. Miche ilirefuka upesi, ikawa myembamba kama nyuzi, rangi yake kijani cha kupauka, nami nikadhani urefu ule ndio afya. Halafu asubuhi moja, baada ya siku mbili za mvua, tulikuta mistari mizima imelala chini. Kila mche ulikuwa umenywea pale shina linapogusana na udongo, kana kwamba mtu ameubana kwa vidole. Wakulima huuita ugonjwa huu kinyausi. Ile iliyopona kinyausi ilihamishiwa bustanini ikiwa dhaifu, na nusu yake ikaliwa na ukungu kabla ya kutoa ua.

Hapa ndipo lilipo deni langu. Niliandika katika daftari la kiranja ya kuwa miche imekufa kwa sababu wanafunzi wa Kidato cha Kwanza hawakumwagilia maji ipasavyo. Wavulana kumi na wawili walifyeka uwanja wa mpira Jumamosi mbili kwa ajili ya sentensi ile. Walisema kwamba walimwagilia kila siku, asubuhi na jioni. Walikuwa wakisema kweli, na labda walimwagilia hata kupita kiasi. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami naona afadhali niumbuke katika gazeti hili kuliko kukaa na daftari lile.

Mtu wa kwanza aliyenifungua macho hakuwa mwalimu. Alikuwa mzee wetu mlinzi wa usiku. Nilimkuta asubuhi akisubiri chai karibu na jiko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hivi ninyi mnaosoma, mnapanda miche mahali ambapo hata nyasi hazioti?"

Niligeuka nikatazama. Kweli, chini ya miembe ile hapakuwa na jani moja la nyasi. Tangu nije shule hii nimepita pale zaidi ya mara elfu, na sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Nilikwenda kwa mwalimu wetu wa Biolojia, naye akanipa kazi ya kusoma badala ya jibu. Ninayoyaeleza hapa chini nimeyapata katika kusoma huko, na naomba wazazi watakaosoma gazeti hili wasiyaone kuwa ni mambo ya darasani tu, kwa maana yanahusu kila shamba la nyumbani.

Sote tulifundishwa habari ya usanisinuru. Jani hupokea mwanga kwa umbijani wake, huvuta maji kutoka mizizini na hewa ya kaboni dayoksaidi kutoka nje, hutengeneza sukari na kutoa oksijeni. Mtu aliyeonyesha ya kuwa ni mwanga unaofanya kazi hii, na ni sehemu za kijani tu za mmea zinazoiweza, alikuwa tabibu Mholanzi, Jan Ingenhousz, mwaka 1779. Tuliyaandika hayo madaftarini, tukachora mishale, tukafanya mtihani. Kosa letu, na hasa kosa langu, ni kudhani ya kuwa habari inakwisha pale. Mwanga, sukari, basi. Hivyo mtu huona ya kuwa mche uliokosa mwanga utakuwa na njaa kidogo na utakua polepole, lakini hauna hatari nyingine.

Sivyo. Mmea hauna damu, wala hauna askari wa kuzunguka mwilini kama sisi tulivyo na chembe nyeupe. Kila seli sharti ijilinde yenyewe pale ilipo, na silaha zake huzifua yenyewe. Na zinafuliwa wapi? Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika, au huanzia, ndani ya kloroplasti, kile kifuko cha kijani kinachofanya usanisinuru. Jiko la mmea ndilo pia ghala lake la silaha.

Chukua mfano wa asidi ya salisiliki. Hiyo ndiyo tarishi inayoziambia seli za mmea kwamba adui ameingia na kwamba sharti zijitayarishe. Mwaka 2001 Mary Wildermuth na wenzake huko Marekani walionyesha ya kuwa sehemu kubwa ya asidi hiyo, wakati wa vita na vijidudu, hutengenezwa kwa njia inayoanzia katika kloroplasti. Asidi hii ni ndugu wa karibu wa aspirini. Mwaka 1979 R. F. White, katika kituo cha utafiti cha Rothamsted huko Uingereza, alidunga aspirini katika majani ya tumbaku, na majani yale yakapata nguvu ya kupinga virusi vya ugonjwa wa mabaka ya tumbaku. (Tafadhali mtu asiende kwa matroni kuomba vidonge kwa ajili ya nyanya. Anavyo vichache, na wenye homa wanavihitaji.) Tarishi wa pili huitwa jasmonati. Huyu huita ulinzi juu ya viwavi na juu ya aina za ukungu zinazoua seli ili zile maiti yake. Naye pia safari yake huanzia katika kloroplasti, katika mafuta ya utando wake, kisha humalizikia mahali pengine katika seli.

Basi mtu anayeunyima mche mwanga anapunguza chakula chake, na papo hapo anauvuruga mahali ulinzi wake unapoanzia.

Isidhaniwe, lakini, ya kuwa mwanga ni rafiki tu wa mmea siku zote. Kunapopambazuka, vile vitundu vidogo vya jani tunavyoviita stomata hufunguka ili hewa ya kaboni dayoksaidi iingie. Mlango ukiwa wazi kwa hewa, uko wazi pia kwa bakteria. Mwaka 2006 Maeli Melotto na Sheng Yang He na wenzao, katika Chuo Kikuu cha Michigan State, walieleza jambo la ajabu. Jani likigusana na bakteria hufunga vitundu vyake hata kama jua linawaka, ijapokuwa kwa kufanya hivyo linapoteza chakula. Lakini bakteria yule anayeleta madoadoa katika nyanya naye ana ujanja: hutoa sumu iitwayo koronatini, na baada ya saa chache vitundu hufunguka tena. Sumu hiyo imefanana na jasmonati, yaani adui ameigiza sauti ya tarishi wa mmea mwenyewe. Niliposoma hayo nilikumbuka mwanafunzi fulani aliyeigiza sauti ya mwalimu wa zamu ili mlango wa bweni ufunguliwe usiku. Simtaji jina.

Tena kuna habari ya saa. Mmea una saa yake ndani, nayo hurekebishwa na mwanga wa asubuhi na giza la jioni. Mwaka 2011 Wei Wang, Xinnian Dong na wenzao walionyesha katika gugu dogo la jamii ya kabichi, liitwalo Arabidopsis, ya kuwa saa hiyo huandaa ulinzi juu ya ukungu mmoja kwa kufuata saa ambazo ukungu huo kwa kawaida hushambulia, yaani alfajiri. Mwaka uliofuata Danielle Goodspeed, Janet Braam na wenzao, huko Texas, walichukua mimea ya gugu lile lile na viwavi wanaokula kabichi. Mimea ambayo mchana wake ulilingana na mchana wa viwavi ililiwa kidogo. Mimea ambayo mchana wake uligeuzwa, ikawa inadhani ni usiku wakati viwavi wanapokula, ililiwa sana. Jasmonati ya mimea ile ilikuwa ikipanda na kushuka kwa saa. Askari alikuwapo katika zote mbili, ila katika zile za pili zamu yake iligeuzwa juu chini.

Sasa nafika kwenye kivuli, na hapa naomba msomaji avumilie, maana ndilo jambo lililonishangaza kuliko yote.

Mimi nilidhani kivuli ni mwanga mdogo, basi. Kivuli cha ukuta na kivuli cha mwembe nilivihesabu kuwa kitu kimoja. Lakini mwanga wa jua una rangi nyingi, na jani la kijani hula baadhi ya rangi hizo na kuziachia nyingine. Rangi nyekundu, karibu na nanomita 660, jani hula karibu yote. Jirani yake, wekundu wa mbali, karibu na nanomita 730, ambao jicho la mtu haliuoni ila kwa shida, jani haliutaki. Hupita, au hurudishwa. Basi chini ya mwembe kuna mwanga uliochujwa: mwekundu umeliwa juu, wekundu wa mbali umebaki tele.

Na mmea una jicho la kupima tofauti hiyo. Mwaka 1952, huko Beltsville katika Marekani, Harry Borthwick, Sterling Hendricks na wenzao walimulika mbegu za saladi. Zilipomulikwa kwa mwanga mwekundu ziliota. Zilipomulikwa tena kwa wekundu wa mbali hazikuota. Wakabadilishana mianga mara nyingi, na kila mara mbegu zilitii mwanga wa mwisho. Kitu kinachofanya kazi hiyo ndani ya mmea kiliitwa baadaye fitokromu. Mche ukiona wekundu wa mbali umezidi, fitokromu huuambia: kuna jirani juu yako, au kando yako, anakunyang'anya jua. Mche hauna miguu ya kuhama, kwa hiyo hufanya jambo moja tu unaloliweza. Hurefuka. Shina huwa refu na jembamba, majani huinuliwa juu, na nguvu zote hutumiwa katika mbio za kulifikia jua.

Ule urefu niliojivunia kwa siku kumi ulikuwa miche ikikimbia.

Na inapokimbia huiweka ngao chini. Carlos Ballaré na wenzake huko Argentina wamefanya kazi ya miaka mingi juu ya jambo hili. Walionyesha ya kuwa wekundu wa mbali ukizidi, mmea husikia sauti ya jasmonati kwa udhaifu. Tarishi yupo, anapiga kelele, lakini nyumba haimsikii vizuri. Viwavi hustawi juu ya mmea wa namna hiyo, na katika kazi waliyoitoa mwaka 2012 ukungu wa kijivu, ambao wataalamu huuita Botrytis, ulifanya vidonda vikubwa zaidi. Mtu anaweza kusema: hiyo ni kwa sababu nguvu zimetumika katika kurefuka, hazikubaki za kupigania. Mimi pia nilisema hivyo. Lakini katika kazi yao ya mwaka 2009 walitumia aina ya mmea ambayo ilikuwa na kasoro na haikuweza kurefuka kwa alama hiyo ya mwanga. Nayo pia ililegeza ulinzi wake. Kumbe si ufukara tu. Mmea hupokea amri ya kuupunguza ulinzi, kwa maana hesabu yake ni kwamba anayekosa jua atakufa hakika, na anayepatwa na ukungu huenda akapona.

Kwa nyanya zenyewe, watafiti wa Uholanzi walitoa habari mwaka 2020 ya kuwa wekundu wa mbali ukiongezwa, majani ya nyanya hulimbikiza sukari rahisi kwa wingi zaidi, na ukungu wa kijivu huzistawisha siku zake kwa sukari hiyo. Yaani mlinzi amelala na chakula kimeachwa mezani.

Amri yangu ya pili, ile ya kumwaga mbegu kwa wingi, haikuwa bora. Ballaré na wenzake walionyesha mwaka 1990 ya kuwa mmea hauhitaji kufunikwa ndipo ujue una jirani. Wekundu wa mbali unaorudishwa na majani ya kando huutosha kuwa habari. Hivyo miche iliyobanana huanza mbio mapema, kabla hata ya mmoja kumtia mwenziwe kivulini. Ningeipanda uwandani kwa msongamano ule ule, bado ningeifundisha kukimbia.

Baada ya kusoma hayo nilirudi kwa wale kumi na wawili. Sikwenda kwa amri, nilikwenda kuomba. Tulifanya matuta mawili madogo, moja chini ya mwembe na moja uwandani. Mbegu zilitoka katika pakiti moja, udongo ulitoka katika chungu moja, mistari iliachana sentimita 15, na tuta la uwandani tulilijengea kichanja cha nyasi kavu ambacho tulikipunguza siku hata siku. Kuhesabu walihesabu wao, maana hesabu zangu hazikuwa na heshima tena kwao, nami siwalaumu. Chini ya mwembe tulibaki na pungufu ya nusu. Uwandani iliyokufa ilihesabika kwa vidole vya mkono.

Nilimpelekea mwalimu nikitazamia sifa. Aliniuliza swali moja: udongo wa chini ya mwembe ulikuwa na maji sawa na ule wa uwandani? Haukuwa. Kivulini udongo hukaa na maji muda mrefu, na wale wanaoleta kinyausi, kama vile Pythium na Rhizoctonia, hupenda sana udongo uliolowa na hewa iliyotuama. Basi siwezi kusema kwa kiapo ni kiasi gani cha vifo vile kilitokana na maji na ni kiasi gani kilitokana na mwanga. Ninachoweza kusema ni kwamba vyote viwili vililetwa na kivuli, na kivuli kililetwa na mimi.

Wako watakaonipinga, na baadhi yao wana haki. Mzazi mmoja aliniambia siku ya wazazi, "Mwanangu, tangu babu zetu kitalu hutiwa kivuli. Unataka kutuambia walikosea?" La, mama, hawakukosea. Lakini tazama kivuli walichotumia. Kilikuwa nyasi kavu au makuti juu ya kichanja. Nyasi kavu hazina umbijani. Hupunguza mwanga wa rangi zote kwa karibu kiasi kimoja, hazichagui kula mwekundu na kuuacha ule wa mbali. Mche chini ya makuti hupata jua dogo lakini haudanganywi sana kwamba umezungukwa na adui. Tena wazee walikuwa wakipunguza nyasi kidogo kidogo kila siku, mpaka mche ukazoea jua kabla ya kuhamishwa. Mwembe hauwezi kupunguzwa kila siku. Sisi tulishika neno "kivuli" tukaacha desturi yenyewe.

Wengine watataja kahawa, ambayo hustawi chini ya migomba na miti mikubwa. Ni kweli, kwa kuwa asili ya kahawa ni msituni, chini ya miti. Kahawa iliyoachwa katika jua tupu hubeba matunda kupita nguvu zake, na mti uliochoka hivyo hushikwa na kutu ya majani kwa urahisi. Nyanya si kahawa. Kila mmea una kiasi chake, nami sidai hata kidogo ya kuwa kila kitu kikatwe kianikwe juani. Wako hata maadui wanaolitumia jua. Kuvu za jamii ya Serkospora, ambazo mmoja wao huleta madoa ya kijivu katika mahindi, hutoa sumu iitwayo serkosporini, iliyotolewa na kutambuliwa mara ya kwanza na Wajapani mwaka 1957. Gizani sumu hiyo hulala. Ikipigwa na mwanga huigeuza oksijeni kuwa kali, ikachoma seli za jani. Kwa hiyo anayekuambia jua ni dawa ya kila ugonjwa, usimnunulie.

Sasa nije kwenye fedha, ambazo ndizo zilizonifanya niandike sasa badala ya kungoja. Inasemekana ya kuwa fedha za mauzo ya mboga, zile zilizokusudiwa kununulia vitabu vya maktaba, zitanunuliwa dawa ya ukungu na bomba la kupulizia, kwa sababu bustani yetu "ina magonjwa". Naandika kwa heshima zote kwa walimu na kamati ya shamba. Mimi si adui wa dawa. Ukungu ukiingia katika nyanya zilizokwisha kuzaa wakati wa mvua ndefu, huenda hakuna njia nyingine. Lakini dawa haiwezi kuufundisha mche kusikia sauti ya tarishi wake. Tukipuliza dawa juu ya miche iliyobanana chini ya mwembe, tutapuliza wiki hii, na wiki ijayo, na wiki ya tatu, na vitabu vitakuwa vimekwisha kunyunyizwa ardhini.

Maombi yangu ni machache. Kitalu kirudishwe uwandani karibu na tangi. Mbegu zipandwe kwa nafasi, hata kama miche itakuwa michache. Kichanja kiezekwe nyasi kavu, kisiwe cha matawi mabichi, na nyasi zipunguzwe kwa zamu iliyoandikwa. Maji yamwagwe asubuhi, ili jioni majani na udongo wa juu viwe vimekauka. Gharama ya hayo yote ni jasho na nyasi za kufyeka, na nyasi tunazo, kama wanavyojua wale kumi na wawili.

Na jambo moja zaidi, kwa ajili ya swali la mwalimu. Ningependa tufanye matuta matatu uwandani, yenye maji sawa: moja chini ya nyasi kavu, moja chini ya matawi mabichi ya mwembe yanayobadilishwa kila siku, na moja wazi. Vichanja viwili vya kwanza virekebishwe mpaka mwanga upitao ukadiriwe kuwa sawa. Kazi hii ingewafaa Kidato cha Pili, ambao sasa wanasoma sura ya mimea, na hesabu ziandikwe ubaoni kila Ijumaa ili mtu yeyote azione, hata akiwa ni mzazi anayepita.

Wavulana wa Kidato cha Kwanza, ninyi kumi na wawili, nimekwisha kuwaomba radhi bwenini, lakini ninyi mliadhibiwa mbele ya shule nzima, kwa hiyo nawaomba radhi mbele ya shule nzima. Nimemwomba mwalimu wa zamu aniruhusu kufuta sentensi ile katika daftari. Amekataa, akasema yaliyoandikwa hayafutwi. Ameniruhusu kuandika chini yake, nami nimeandika: "Si kweli. Miche ilipandwa kivulini kwa amri ya kiranja."

Matuta mapya yatachimbwa Jumamosi, saa moja asubuhi, karibu na tangi. Majembe yatatolewa ghalani. Ndoo za siku hiyo nitabeba mimi.

Aliyekuwa Kiranja wa Bustani,
Kidato cha Tatu